Snoubodi ughaibuni: chagua mwezi kwanza, mlima baadaye

Kwenye kipindi chetu cha safari swali hili linarudi kila mwaka, hasa kutoka kwa vijana wanaofanya kazi na watalii na wale wenye ndugu nje ya nchi: nikitaka kwenda kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao, mchezo unaoitwa snoubodi, niende nchi gani?

Wengi wanaanza kwa kutaja nchi. Sisi tunashauri uanze na kalenda. Nchi nzuri ukiifikia katika mwezi mbaya utakuta nyasi na matope, au utakuta theluji safi lakini bei imepanda na kila lifti ina foleni. Kwa mwajiriwa wa hapa nyumbani mwenye siku 28 za likizo kwa mwaka na akiba aliyoikusanya kwa miaka miwili, kosa la mwezi mmoja ni hasara kubwa. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuchagua wakati, kisha mahali, kwa kuangalia hali halisi ya mtu anayesafiri kutoka Afrika Mashariki.

Kwa nini si Kilimanjaro?

Tulianze hili, maana huulizwa kila mara. Theluji tunayo, na siku isiyo na mawingu tunaiona tukiwa mjini. Lakini theluji na barafu ya Kilimanjaro iko karibu na kilele chenye mita 5,895, mahali ambapo hewa ni nyepesi na hata kutembea polepole ni kazi. Barafu ile ni ngumu, imekatika vipande, na imekuwa ikipungua kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna lifti ya kukupandisha, hakuna njia iliyosawazishwa, na ni ndani ya hifadhi ya taifa.

Kuna sababu nyingine ya msingi. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo majira yetu tunayapima kwa mvua: vuli, masika na kiangazi katikati yake. Mchezo wa theluji unahitaji majira yanayopimwa kwa baridi, yaani miezi mitatu au minne mfululizo ambamo theluji inaanguka, inabaki na kujazana. Majira hayo yapo mbali na ikweta, kaskazini na kusini, na hayaji kwa wakati mmoja.

Baridi ya kaskazini na baridi ya kusini

Kaskazini mwa dunia, yaani Ulaya, Marekani, Canada na Japani, msimu wa theluji ni takriban Desemba hadi Aprili. Kusini mwa dunia, yaani Lesotho, Chile, Argentina, Australia na New Zealand, msimu ni takriban Juni hadi Septemba. Kwa hiyo mtu mwenye likizo ya Julai hana sababu ya kutazama picha za milima ya Ufaransa. Wakati huo ng'ombe wanalishwa kwenye miteremko hiyo. Na mwenye likizo ya Januari asipoteze muda na Lesotho, kwa sababu huko Januari ni majira ya joto na mvua.

Swali la kwanza basi ni hili: likizo yako inaangukia wapi? Familia za Tanzania zenye watoto shuleni hubanwa na likizo ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai na ile ya Desemba. Za Kenya huwa na Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Asiye na watoto na asiyebanwa na mwajiri ana faida kubwa, kama tutakavyoona tukifika mwezi Machi.

Juni hadi Agosti: Lesotho

Wakati sisi tunavaa masweta kwa kipupwe cha Julai, juu ya milima ya Maluti nchini Lesotho usiku joto hushuka chini ya sifuri. Huko kuna kituo cha Afriski, mahali palipo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, mwendo wa gari wa kama saa tano kutoka Johannesburg. Kwa kawaida theluji yake ni ya kuanzia Juni hadi Agosti.

Msikilizaji aelewe theluji hiyo ni ya namna gani. Lesotho baridi ni kiangazi. Mvua nyingi hunyesha wakati wa joto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya theluji ya kituo hicho hutengenezwa na mashine. Mashine hizo hurusha matone madogo sana ya maji hewani, nayo yanaganda kabla ya kufika chini. Zinahitaji hewa ya baridi na kavu, na usiku wa Lesotho mwezi Julai unavyo vyote viwili. Ndiyo maana unaweza kukuta mlima mzima umekauka na kuwa wa kahawia, katikati ukiwa na mkanda mmoja mweupe. Mkanda huo una urefu wa kama kilometa moja. Mtu mwenye uzoefu ataumaliza asubuhi moja na kuuchoka. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo.

Faida ya pili ni nyaraka. Wakenya na Watanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Lakini Lesotho ni nchi nyingine yenye mpaka na masharti yake, kwa hiyo uliza mapema kuhusu kuingia huko na kurudi tena Afrika Kusini, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza, mwinuko: anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akipanda hadi mita 3,000 kwa siku mbili anaweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuchoka haraka. Siku ya kwanza pumzika na unywe maji. Ya pili, barabara: ni ya milimani, ina kona kali, na asubuhi inaweza kuwa na barafu. Usiendeshe usiku. Ukiweza, epuka pia mwisho wa wiki na likizo ya shule ya Afrika Kusini ya kati ya mwishoni mwa Juni na Julai, kwa sababu watu wa Johannesburg nao hupandia hapohapo.

Chile, Argentina na New Zealand zina milima mikubwa kuliko hiyo, lakini kwa mtu wa huku nauli na umbali vinazidi faida, isipokuwa kama una safari nyingine ya kukufikisha huko.

Desemba hadi Aprili: Ulaya, na umuhimu wa mwinuko

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuamini kwamba Desemba ni baridi kila mahali Ulaya. Kadiri unavyopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Maana yake, siku ambayo kijiji kilichoko mita 1,000 kinapata mvua ya nyuzi 4, kile cha mita 2,000 kinapata theluji. Mvua ikinyesha juu ya theluji huiyeyusha, na ikiganda usiku inakuwa kama kioo.

Mwanzoni mwa Januari 2023 joto lisilo la kawaida liliwafanya wenye vituo kadhaa vya chini katika milima ya Alps na Pyrenees kufunga njia zao katikati ya msimu. Mwaka huohuo jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliochunguza vituo 2,234 vya michezo ya theluji katika nchi 28 za Ulaya. Watafiti walikadiria kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 2, zaidi ya nusu ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya kutosha, kama havitatumia mashine za kutengeneza theluji.

Kwa msafiri, somo ni rahisi. Kabla ya kuuliza jina la mji, uliza namba mbili: kijiji kiko mita ngapi, na lifti ya juu kabisa inafika mita ngapi. Val Thorens nchini Ufaransa kiko mita 2,300, na msimu wake huanza mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Mei. Kijiji cha mita 1,000 kinaweza kuwa kizuri zaidi kwa picha na bei, lakini mwezi wa Desemba na wa Aprili unacheza bahati nasibu.

Kanuni hiyo ina mahali inapovunjika. Huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, eneo la Niseko lina kilele cha mita 1,308 tu, lakini hupata theluji nyingi kuliko milima mingi mirefu. Upepo baridi kutoka Siberia hupita juu ya bahari, hubeba unyevu na kuumwaga milimani kama theluji laini na kavu. Miezi yake ni Januari na Februari. Ni mahali wanapopaota wanaoujua mchezo huu. Kwa anayeanza, ni njia ndefu na ya gharama kwenda kuanguka.

Moroko nayo ina kituo cha Oukaïmeden kwenye milima ya Atlas, kilometa kama 80 kutoka Marrakech. Msimu wake ni kama Januari hadi Machi, lakini theluji hubadilika sana mwaka hadi mwaka. Tunakishauri kwa mtu ambaye tayari ana sababu ya kwenda Marrakech, na ambaye hatalia akikuta mlima hauna kitu.

Mwezi kwa mwezi

Tuseme umeamua kwenda Ulaya. Miezi yake haifanani.

Desemba kabla ya Krismasi: bei ni nafuu kidogo na watu si wengi, lakini theluji ya chini haijajazana. Nenda juu au usiende.

Krismasi na mwaka mpya: hiki ndicho kipindi cha bei kubwa na foleni. Familia zinazobanwa na likizo ya shule hazina jinsi, ila ziweke nafasi mapema.

Januari baada ya wiki ya kwanza: theluji huwa nzuri na bei hushuka. Ubaya wake ni baridi kali na siku fupi. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, saa mbili za kukaa kwenye theluji akijifunza zinaweza kumkatisha tamaa kabisa.

Februari: theluji ni ya uhakika, lakini shule za Ulaya zinafungwa. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu ambazo hupeana zamu ya likizo ya majira ya baridi kati ya Februari na mwanzoni mwa Machi. Tazama kalenda hiyo kabla ya kulipa.

Machi, hasa kuanzia wiki ya pili: huu ndio mwezi tunaoupendekeza kwa mtu wa huku anayeanza. Siku ni ndefu, jua lina nguvu, theluji ya juu bado ni nene, na bei mara nyingi zimepungua. Asubuhi theluji huwa ngumu, kwa hiyo anza kama saa nne. Mchana inalainika, na kuanguka hakuumi sana. Jua la mlimani likipiga kwenye theluji linarudi usoni. Ngozi ya rangi yoyote inaungua na macho yanaumia, basi miwani na mafuta ya kuzuia jua si anasa.

Aprili: ni kwa vituo vya juu peke yake.

Mlima unaomfaa anayeanza

Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mambo mawili yalitokea kwa mara ya kwanza: snoubodi iliingizwa kwenye Olimpiki, na Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mwanariadha wa mbio, akashindana kwenye skii za masafa marefu. Alikuwa amepelekwa Finland kujifunza theluji. Alimaliza wa mwisho katika kilometa 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Mapafu ya mkimbiaji wa nyanda za juu yalimsaidia, lakini theluji ilitaka ufundi wake yenyewe. Hata wewe mwenye mazoezi ya kutosha, panga siku zisizopungua tatu za mwalimu.

Kwenye snoubodi miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, na siku mbili za kwanza utaanguka kwa makalio na kwa mikono. Majeraha ya kifundo cha mkono ni ya kawaida kwa wanaoanza. Kodi kofia ngumu, na vaa vikinga vya vifundo.

Kwa sababu hiyo, kituo kizuri kwako si chenye kilometa nyingi za njia. Angalia vitu hivi:

Kwanza, mteremko mpana na wa taratibu wenye mkeka unaotembea, unaosimama juu yake ukapandishwa bila kuhangaika.

Pili, lifti za viti au vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Lifti za kukokota, zile za kushika fimbo huku ubao ukiburuzwa chini, ni mateso kwa mgeni wa snoubodi.

Tatu, njia za rahisi zisizo na sehemu ndefu za tambarare. Mwenye skii ana fimbo za kujisukuma. Mwenye ubao akisimama kwenye tambarare atafungua mguu na kutembea.

Nne, mwalimu wa lugha unayoielewa.

Tano, ruhusa yenyewe. Vituo vitatu vya Marekani, Alta na Deer Valley vya Utah na Mad River Glen cha Vermont, haviruhusu snoubodi kabisa. Ni vya skii tu.

Rangi za alama nazo zijulikane. Ulaya njia za bluu ni rahisi, nyekundu ni za kati, nyeusi ni ngumu. Ufaransa na baadhi ya nchi zina kijani kwa wanaoanza kabisa. Amerika ya Kaskazini kijani ni rahisi, bluu ni ya kati, na almasi nyeusi ni ngumu. Mtu aliyezoea bluu ya Ulaya asidhani ndiyo hiyohiyo ya Canada. Na popote uwapo, usitoke nje ya njia zenye alama. Huko ndiko maporomoko ya theluji yanakoua watu, wakiwemo wenyeji wenye uzoefu.

Kama una ndugu ughaibuni

Malazi hula sehemu kubwa ya bajeti, kwa hiyo ndugu anayeishi karibu na mlima ni mtaji. Anayekaa Munich yuko mwendo wa chini ya saa mbili kwa treni kutoka Garmisch-Partenkirchen, chini ya mlima Zugspitze wenye mita 2,962. Anayekaa Toronto yuko saa mbili hivi kwa gari kutoka Blue Mountain. Ni kilima kidogo, lakini kwa kujifunza kinatosha. Safari ya kumsalimia shangazi ikisogezwa kutoka Julai hadi Machi, umepata mambo mawili kwa nauli moja.

Viza, bima na mfuko

Usilipe kitu kisichorudishwa kabla ya viza kutoka. Viza ya Schengen inaombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Kwa safari ya Machi, panga kuwasilisha maombi mwezi Desemba au mapema zaidi. Viza hiyohiyo inatumika Ufaransa, Austria, Italia na Uswisi, na tangu Januari 2025 Bulgaria imeungana nao kikamilifu. Mji wa Bansko huko Bulgaria kwa kawaida ni nafuu kuliko Alps, ingawa foleni yake ya asubuhi ya kupanda mlimani inajulikana.

Viza hiyo inadai bima ya afya ya angalau euro 30,000. Usiridhike na karatasi hiyo. Bima nyingi za safari haziingizi michezo ya theluji mpaka uongeze malipo. Uliza kwa maneno ya wazi: nikivunjika mguu nikiwa kwenye ubao, mnalipa hospitali? Mnalipa kushushwa mlimani kwa helikopta? Bila jibu la maandishi, mguu mmoja unaweza kuiacha familia nzima na deni.

Kwenye bajeti, andika nauli, malazi, tiketi ya lifti kwa siku, mwalimu, kukodi ubao na buti, chakula, na nguo. Nguo ndizo tunazoweza kuokoa. Moshi na Arusha kuna maduka yanayokodisha jaketi, suruali za kuzuia maji na glovu kwa wapanda mlima, na kwenye soko la mitumba jaketi nzuri za theluji hupatikana kwa anayejua kuchambua. Acha jinzi nyumbani. Pamba ikilowa haikauki na inakugandisha.

Jaribu kwanza, ukiweza

Wasafiri wengi wa kwenda Ulaya hupitia Dubai. Ndani ya Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005, wenye njia tano, ndefu kuliko zote ikiwa ya mita 400, na unaofanya kazi mwaka mzima. Si mlima, na viza ya kutoka uwanja wa ndege ni lazima uiangalie. Lakini masomo ya saa chache hapo yatakujulisha kama mchezo huu unaupenda kweli, kabla hujaweka akiba ya miaka miwili kwenye wiki moja ya Alps.

Kwa ufupi, mwenye likizo ya Juni au Julai na bajeti ya kawaida aende Lesotho, katikati ya wiki. Anayeweza kuchagua mwezi na anayeweza kupata viza aende Alps katikati ya Machi, kituo kisichopungua mita 1,800, na alale hapohapo mlimani. Anayelazimika Desemba apande juu zaidi, mita 2,000 na kuendelea, na alipe mapema baada ya viza. Wiki moja kabla ya kuondoka, fungua tovuti ya kituo na usome vitu viwili: kina cha theluji chini kijijini na juu kileleni, na idadi ya lifti zilizofunguliwa. Picha za matangazo zinaweza kuwa za mwaka juzi. Namba hizo ni za leo asubuhi.